Ndevu za Sumaku

Mimi naitwa Epiphanie na ni fundi wa simu. Nikisema fundi sina maana ya mtu wa kubandika vioo na kuuza makava. Hao wamejaa barabara yote ya hapa Gisenyi ya kwenda Petite Barrière, mpaka wetu na Goma, kila mmoja na mwavuli wake, na Mungu awape riziki. Mimi nafungua simu mpaka kwenye ubao wake wa ndani. Naangalia kwa darubini njia za shaba nyembamba kuliko unywele, na iliyokatika naiunganisha. Kazi hii nilijifunza Goma miaka sita kwa marehemu fundi Bahizi, mtu mkali aliyekuwa akinigonga vidole kwa bisibisi kila nilipokosea. Nayasema haya mapema ili nikija kujisifu huko mbele usishangae. Nitajisifu, lakini kwa haki.

Alhamisi moja asubuhi Afande Kabera aliingia kibandani kwangu akaweka mezani kijisanduku cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni. Afande ni mwanajeshi mstaafu. Alizaliwa na kukulia Karagwe, kule Tanzania, na Kiswahili chake kimenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Sasa analima viazi Busasamana, chini ya volkano. Masikio yake aliyaacha jeshini, kwenye kelele za mizinga, na mkono wake wa kulia unatetemeka huu mwaka wa tatu. Mwanawe Derek, aliyeko Kampala, alimnunulia mashine mbili ndogo za masikio zinazolala ndani ya kijisanduku hicho kama maharage ndani ya ganda lake. Unachaji kijisanduku, nacho kinazichaji mashine.

Shida ilikuwa tundu la kuchajia. Ni dogo, na waya wake unataka mkono uliotulia. Mkono wa Afande haujatulia, na Afande mwenyewe si mtu wa kubembeleza kitu. Mara mbili nilikuwa nimembadilishia tundu lile. Safari hii nilipofungua chini ya darubini niliona ameling'oa pamoja na shaba yake yote. Hapakubaki hata mahali pa kushikiza jipya.

"Afande, umefanya nini tena humu?" nilimpigia kelele sikioni. "Ulitumia marteau?"

Barabara nzima ilisikia isipokuwa yeye. Ikabidi nimwandikie kwenye karatasi.

"Nyundo sikutumia," alijibu akiwa amekasirika. "Nilisukuma. Binti yangu, tengeneza. Jumamosi ya wiki ijayo nina vita."

Vita yenyewe nilikuwa naijua, kwa sababu kadi ya mwaliko nilikuwa nayo. Ilikuwa gusaba ya Umwali, siku ambayo ukoo wa mvulana unakuja kumwomba msichana. Kwetu Rwanda koo mbili zinakaa zikitazamana chini ya mahema, kila upande na msemaji wake. Wa mvulana anaomba kwa maneno matamu. Wa msichana anajifanya haelewi, anamzungusha, anamtega, anamtoza faini ya bia, mpaka mwisho anatoa. Ni vita ya ulimi, lakini ushindi wake unapatikana kwa masikio, maana usipomdaka mwenzako neno lake, yeye ndiye atakudaka. Umwali ni mtoto wa marehemu mdogo wake Afande. Baba yake alifariki msichana akiwa na miaka minne, na Afande akamlea, akamsomesha, akamnunulia viatu vya kwanza vya shule. Tangu siku ile alikuwa akisema: huyu siku yake ikifika, nitamsemea mimi baba yake mkubwa, si mwingine.

Sasa ukoo ulikuwa umekaa kikao bila yeye kusikia, ingawa alikuwa kwenye kiti cha mbele. Walisema kuna msemaji wa kukodi pale mjini, kijana wa suti inayong'aa, anayefanya sherehe mbili kwa siku moja. Walimpa Afande mpaka Alhamisi ifuatayo. Asipokuwa anasikia siku hiyo, kijana wa suti anaitwa.

"Wanataka nikae kama picha ya ukutani," Afande aliniambia. Akatazama nje, barabarani.

Niliona huruma, na huruma kwangu huwa inakuja na hasira. Nilipiga simu Kigali. Kijisanduku kipya, walisema, kinaagizwa nje, wiki sita. Nikafikiria kumchomea waya wa kudumu unaoning'inia. Nilipomwonyesha, Afande alinyoosha mkono wake juu ya meza yangu, ukatetemeka mpaka skrubu zikacheza kwenye kisahani chao.

"Usinipe kitu cha kuchomeka," alisema. "Na usiniambie Umwali atanichomekea. Umwali anaolewa. Niliongoza watu mia mbili, fundi. Masikio yangu nataka kuyahudumia mwenyewe."

Basi nikaona njia ilikuwa moja tu: chaja ya kisahani. Bila shaka umeiona. Unalaza simu juu yake na inakula moto, yaani chaji, bila waya wowote. Ndani ya simu za namna hiyo kuna waya wa shaba uliozungushwa bapa, na pembeni yake kuna chipu ndogo kuliko punje ya dengu. Waya unapokea, chipu inaupanga moto ule uwe wa kadiri, na zaidi ya hapo inazungumza na kisahani. Inakiambia ongeza, inakiambia punguza, na ikihisi joto limezidi inakiambia acha. Nikitia chipu hiyo kwenye kijisanduku cha Afande, hatahitaji tundu. Ataangusha tu kijisanduku juu ya kisahani, hata kwa mkono unaotetemeka, na kazi imekwisha.

Niliagiza chipu na waya wake Kigali. Vilifika na basi Jumamosi jioni. Jumatatu mchana, kwa darubini na pumzi niliyoizuia, nilivifunga ndani ya kijisanduku, nikakiweka juu ya kisahani. Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Nilikigusa kijisanduku kwa shavu. Kilikuwa na joto kama mtoto mwenye malaria.

Nilielewa kosa mara moja. Waya ulikuwa umelala juu ya betri, na betri ina ngozi ya chuma. Chuma kilikuwa kinameza nguvu yote na kuigeuza joto, chipu ikahisi, ikajizima kwa adabu zake. Kati ya waya na betri panatakiwa karatasi nyeusi ya sumaku, nyembamba, inayozuia nguvu isipotelee kwenye chuma. Muuzaji hakuwa ameiweka. Nilipompigia alisema hana, mpaka aagize, na alisema kwa raha kabisa, kwa sababu Alhamisi haikuwa yake.

Karatasi ile nilikuwa nayo. Hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Chini ya meza yangu kuna droo naiita droo ya amana. Humo zinalala simu ambazo wenyewe walizileta kutengenezwa na hawajarudi. Nyingi ni za watu wa ng'ambo, wa Goma, waliokuwa wakivuka mpaka kila siku kabla ya mambo kuharibika. Kila moja iko ndani ya bahasha, na jina, na tarehe. Mojawapo ni ya mama mmoja aitwaye Alliance, muuza vitenge. Ni simu ya bei kubwa, imekufa ubao, mimi mwenyewe nilimwambia haiponi, naye akasema nimwekee tu atapita kuichukua. Ndani yake iko karatasi nyeusi nzuri kabisa. Kuitoa ni dakika mbili. Nambari ya mama Alliance nilikuwa nimeipiga mara nyingi na haipatikani. Niliipiga tena Jumatatu ile mara nne, na ilikuwa vilevile.

Jumanne Afande alikuja kuangalia kazi. Nilimwandikia kila kitu kwenye karatasi, pamoja na habari ya droo, maana sipendi kumficha mteja. Alisoma akiwa ameiweka karatasi mbali na macho, kisha akaigonga kwa kidole.

"Hii simu imekufa?"

"Imekufa," nikaitikia kwa kichwa.

"Mwenyewe haonekani?"

"Haonekani."

"Fungua. Toa hiyo karatasi. Akija, mimi najibu."

Nilitikisa kichwa. Akadhani sijaelewa, akarudia kwa ile sauti ya uwanja wa gwaride. Jado, jirani yangu anayechomelea milango na madirisha, alizima mashine yake akachungulia.

"Nimesema fungua! Hiyo ni amri!"

"Hapana, Afande!" nami nikapaza yangu. "Ile simu imekufa, lakini iko na mwenyewe! Mutu aliniachia kitu yake, mi siwezi kuiiba juu ya haraka ya mutu mwingine. Hata kama ni wewe. Hata kama ni Umwali!"

Sijui alisikia mangapi, ila uso wangu aliusoma vizuri. Fundi Bahizi alikuwa akisema: ukivunja amana moja, droo yote imekuwa soko. Nilikuwa nimeyashika maneno hayo miaka yote bila kuionja bei yake, na siku hiyo niliionja. Nilikuwa nampenda mzee yule. Nilikuwa nataka asimame Jumamosi na kumsemea mtoto wake kuliko nilivyotaka kitu chochote wiki ile. Na bado mkono wangu haukwenda kwenye droo.

Afande alichukua fimbo yake akatoka bila kuaga.

"Yewe, Epi," Jado alisema, "we umekataa afande?"

"Nimekataa mwizi," nilimjibu, nikajutia neno hilo kabla halijamaliza kutoka.

Nilikaa na moyo mzito. Ili nisilie nikachukua kazi iliyokuwa foleni, simu ya mkulima mmoja wa Busasamana iliyopoteza sauti. Ugonjwa huo naujua hata usingizini. Udongo wetu ni wa volkano, una mchanga mweusi mwembamba, na mchanga huo unapenda sumaku. Spika ya simu ina sumaku ndani, basi mchanga unaingia kwenye matundu yake, unang'ang'ania, unaota kama ndevu. Kila siku ya Mungu nang'oa ndevu hizo kwa kibanio, nazipuliza chini, natukana. Miaka kumi na mmoja nimezitukana.

Nilizing'oa, nikainua kibanio nipulize, nikakirudisha chini ya darubini.

Kitu kinachoshikwa na sumaku hivi, kilichosagika kama unga, si ndicho kile kile kinachotakiwa kwenye karatasi nyeusi? Kiwanda kinakisaga, kinakichanganya na gundi, kinakibana kiwe bapa. Mimi Mungu ameshanisagia kwa volkano nzima, na nimekuwa nikimpulizia chini.

Nilitoka nje na sumaku ya redio mbovu, nikaiburuza ardhini mbele ya kibanda. Ikaota ndevu za kutosha ndani ya muda wa salamu. Niliuchanganya mchanga ule na gundi ya kukauka, nikaubana kati ya plastiki mbili kwa chupa ya soda kama mtu anayesukuma chapati, nikauacha ukauke. Jumatano asubuhi niliukata, nikaupachika kati ya waya na betri, nikaweka kijisanduku juu ya kisahani huku najisikia profesa. Joto lilikuja haraka kuliko Jumatatu. Nusura niunguze shavu.

Nilirusha kibanio. Kilimfikia Jado mlangoni. Alikiokota, akachukua na kile kipande changu cheusi, akakigeuza juani.

"Epi, hii inang'aa," alisema. "Mchanga haing'ae hivi. Hii ni ma-limaille yangu! Nakata chuma hapa kila siku, unga yake inaenda wapi? Iko mbele ya mulango yako."

Nilimtazama, nikaangalia chini, nikacheka mpaka nikakaa. Sumaku haijui jirani. Ilikuwa imeokota mchanga na unga wa chuma wa milango yote ya Gisenyi, na mimi nikaurudisha chuma mahali pale pale nilipokuwa nakikimbia. Ulitakiwa mchanga wa mahali ambapo hakuna mtu anayekata chuma.

Nilifunga kibanda saa sita mchana, nikachukua pikipiki mpaka Busasamana. Sikubisha hodi nyumbani kwa Afande; niliona haya, na isitoshe angesikiaje? Niliingia moja kwa moja kwenye shamba lake la viazi, nikapiga magoti kati ya matuta, nikaburuza sumaku niliyoifunga kwenye kitambaa ili kikibanduliwa mchanga uanguke wenyewe. Nilikuwa nimejaza kopo nusu niliposikia sauti ya gwaride nyuma yangu.

"Wewe! Unatafuta bomu kwenye viazi vyangu?"

Niligeuka. Nguo zangu zilikuwa nyeusi mpaka kiunoni. Nilimwonyesha sumaku na ndevu zake, nikaonyesha kijisanduku, nikaonyesha sikio. Kisha mzee yule aliyenipa mgongo jana yake alishuka polepole, akashika fimbo kwa mkono wa kushoto, akapiga magoti kwenye tuta lake mwenyewe na kunyoosha mkono wa kulia aombe sumaku. Tuliokota pamoja. Mkono wake ukitetemeka, mchanga uliruka kuifuata sumaku vizuri kuliko kwangu.

Umwali alituona akatuletea beseni la maji na soksi zake ndefu za kuchujia. Tuliuosha mchanga mara tatu, tukauanika juu ya bati, tukauchuja. Ulibaki unga mweusi usiong'aa hata kidogo, mwororo kama wa uji. Nilirudi nao mjini nimeukumbatia ndani ya kopo la maziwa, na dereva wa pikipiki akaniuliza kama ni majivu ya marehemu.

Alhamisi asubuhi taa ya kisahani iliwaka kijani na ikabaki kijani. Nilihesabu mpaka mia tatu. Niliweka shavu, kijisanduku kilikuwa cha baridi. Jado alipiga chuma kwa nyundo mara saba, akisema ni kengele ya misa.

Kilibaki kitu kimoja. Waya wangu ulikuwa mdogo, na kijisanduku kikikaa upande hakipokei. Mkono wa Afande haungeweza kukilenga katikati. Nilichukua mfuniko uliobonyea katikati wa kopo kubwa la mafuta ya kujipaka, nikautoboa kiasi cha kijisanduku, nikaubandika juu ya kisahani kama kiota. Ukikiangusha popote karibu, kinateleza chenyewe mpaka mahali pake. Jioni ile, mbele ya ukoo wake wote uliokuja kutoa hukumu, Afande alikiangusha mara kumi na mara kumi kikateleza, kisha akazivaa mashine. Shangazi mmoja mwenye midomo alijificha nyuma yake akanong'ona, "Anajifanya tu." Afande akamjibu bila kugeuka, "Na wewe jifanye umepika." Kijana wa suti hakuitwa.

Jumamosi nilivaa mushanana wangu, vazi letu la sherehe, wa rangi ya dhahabu, nikakaa safu ya nyuma karibu na nguzo ya hema. Wageni walitakiwa saa tatu asubuhi. Wageni wa gusaba wakitakiwa saa tatu, ujue watakuja watakapotaka wao, lakini hawa walizidi: basi lao liliharibika njiani kutoka Musanze. Mashine za Afande si mpya, zinadumu kwa saa nne tu. Alikuwa amezivaa tangu saa moja asubuhi kwa kiherehere. Kufika saa tano na nusu nilimwona anageuza kichwa upande, anainamia wanaomsemesha, na mashangazi wameanza kutazamana. Nilinyanyuka nimsaidie. Alinitazama toka mbele kule, akanionyesha kiganja: kaa.

Alivua mashine moja, akavua ya pili. Alizilaza kwenye kijisanduku, ikamchukua muda, moja ikaanguka mapajani akaiokota. Chini ya kiti chake kilikuwepo kisahani, kimeungwa na pawabenki. Alikiweka mezani mbele ya watu wote, kati ya maua na chupa. Mkono wake ulicheza hewani, kijisanduku kikaanguka pembeni ya mfuniko, kikateleza, kikakaa. Kijani. Hakuna aliyemshikia kitu. Alikunja mikono akatulia kama mtu anayengoja chai, na mimi nilijisikia kifua kinajaa mpaka mushanana ukabana.

Ilipofika saa saba wageni waliingia kwa nyimbo. Afande alikuwa ameshayavaa masikio yake.

Msemaji wao aliitwa Kayitare, mtu mzima mwenye sauti ya redio, maarufu huko kwao. Waliendeshana kwa Kinyarwanda muda mzuri, Kayitare akisifu, Afande akimtega, hema zima likicheka. Halafu nikamwona Kayitare anainamiwa na mtu wa safu yao, ananong'onezwa, anatabasamu. Nilijua ameambiwa nini. Habari ya mzee kiziwi ilikuwa imefika upande wao.

Kayitare aliweka kipaza sauti mezani. Akageuza uso pembeni, akasema kwa sauti ya mtu anayesali peke yake, hata mimi niliipata kwa kuisoma midomo: "Wenyeji wetu, kama hamna neno la kutujibu, sisi tunajua kimya ni ndiyo. Binti tumepewa, tunashukuru."

Mwenye masikio mazuri safu ya tatu hakusikia. Na katika mchezo ule, msemaji akikaa kimya hapo, amemtoa mtoto bure, na ataimbwa kwa aibu hiyo mpaka kaburini. Afande alichukua glasi yake, ikacheza mkononi, akanywa taratibu. Upande wa wageni walianza kuinuka washangilie. Umwali alikuwa bado ndani ya nyumba na wasichana wenzake, nikamfikiria yeye. Nilifikiria chipu yangu, kila tone la risasi ya kulehemu nililolitia, na mchanga ule. Nilishika nguzo ya hema.

Afande aliweka glasi chini.

"Kaeni," alisema. "Bwana Kayitare, umesema kimya ni ndiyo, na umeshukuru kabla ya kupewa. Hapa Busasamana mtoto haombwi kwa kunong'ona. Kinachonong'onwa ni wizi. Faini yako ni kreti nne, na ombi lako ulirudie kwa sauti, mpaka wale walioachwa na basi Musanze wakusikie."

Hema lilipasuka. Mashangazi walipiga vigelegele, yule mwenye midomo akawa wa kwanza. Kayitare mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho, akavua kofia, akalirudia ombi kwa sauti kubwa kweli kweli. Nililia, na sioni haya kusema.

Binti alipoombwa na kutolewa, na Umwali alipotoka nje akiwa mzuri kama alivyo, Afande aliomba kipaza sauti mara ya mwisho. Aliongea kwa Kiswahili, kile cha jeshini, na nilijua ni kwa ajili yangu kabla hajanitaja.

"Mmesikia kwamba nasikia," alisema. "Nataka mjue kwa nini. Kulikuwa na njia fupi. Kulikuwa na simu ya mtu, mwenyewe hayupo, na simu yenyewe ni maiti, hakuna anayeiulizia. Nilimwamuru fundi aifungue. Nikamwamuru mara mbili. Akakataa mbele ya watu, akaja kupiga magoti kwenye shamba langu akachota mchanga. Jeshini, waliokataa amri yangu niliwafunga. Wote. Huyu mmoja..."

Hakumaliza. Aliweka kipaza sauti chini, akasimama wima, visigino pamoja. Mkono wake wa kulia ulipanda, ukitetemeka njia nzima, ukafika kwenye paji la uso na ukakaa hapo ukitetemeka. Watu wote waligeuka kunitazama safu ya nyuma.

Mimi si mwanajeshi, sijui saluti inajibiwaje. Nilisimama tu, mikono yangu ikiwa na weusi wa mchanga ambao sabuni ilikuwa imeshindwa kuutoa kwenye kucha, nikainua kichwa.